Futoni au godoro la kawaida: lipi la kulalia kila siku Dar?

Ukiingia Kariakoo ukasema unatafuta godoro, utaulizwa maswali mawili tu: futi ngapi, inchi ngapi. Tano kwa sita, inchi nane. Nne kwa sita, inchi sita. Hakuna atakayekuuliza unalala chali au ubavu, wala asubuhi unatoka nyumbani saa ngapi. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza mimi.

Nimelalia futoni mwaka mmoja na miezi miwili, Sinza, kwenye chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Kabla ya hapo nililalia sponji, na sasa nimerudi kwenye sponji. Kwa hiyo haya si ya kuambiwa, ingawa mgongo wangu si mgongo wako.

Tuelewane kwanza: futoni ipi?

Neno hili limebeba vitu viwili. Cha kwanza ni cha Wajapani wenyewe: godoro jembamba la pamba, unene wa sentimita tano hadi kumi, linalotandikwa sakafuni usiku na kukunjwa asubuhi. La kulalia wanaliita shikibutoni, la kujifunika kakebutoni. Halitandikwi juu ya sakafu tupu. Chini yake kuna tatami, mkeka mnene uliofumwa kwa nyasi juu ya tabaka la mabua ya mpunga, nao unapitisha hewa. Kukikucha linakunjwa na kusukumwa kabatini, na siku za jua linaanikwa kwenye vibaraza vya ghorofa kama sisi tunavyoanika kanga.

Cha pili ni cha Wamarekani. Walilichukua lile godoro, wakalinenepesha, wakaliweka juu ya fremu inayokunjuka: mchana kochi, usiku kitanda. Hili ndilo utakaloonyeshwa zaidi mitandaoni ukitafuta futoni hapa mjini, na wengine huliita sofa-kitanda.

Hili la pili nalimaliza hapa hapa. Kwa kulala kila siku, hapana. Godoro linalotakiwa kukunjika mahali pamoja kila siku haliwezi kubaki imara mahali hapo hapo. Mkunjo unapita kwa urefu, kwa hiyo ukilala peke yako unalala juu yake, mkilala wawili wote mnauporomokea. Kwa mgeni wa siku mbili tatu ni sawa kabisa. Mimi ninalozungumzia kuanzia sasa ni lile la kukunja, la pamba.

Hilo halipo dukani, angalau mimi sikulipata. Nililiona kwa Mjapani mmoja niliyefanya naye kazi, nikapiga picha, nikaipeleka Keko kwa fundi wa makochi. Akaitazama picha, akacheka. "Dada yangu, hili si godoro la sufi hili? Umelipaka jina tu." Akanishonea la futi tatu na nusu kwa sita, pamba tupu, kitambaa cha marekani, na vifundo vya uzi mnene kila baada ya shibiri ili pamba isitembee.

Alichosema fundi

Nilipolala juu yake usiku wa kwanza nikaelewa kicheko chake. Bibi yangu wa Pangani alilalia godoro la sufi hadi anafariki. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, ni nyepesi na inateleza, lakini baada ya mwaka mmoja au miwili inashikana na kuwa madonge, na aliyelala anajiona amelala juu ya viazi. Basi wakati wa kiangazi godoro lilifumuliwa, sufi ikatolewa uani, ikachambuliwa kwa mkono, ikaanikwa, ikarudishwa ndani, likashonwa upya. Sisi watoto tulipenda siku hiyo kwa sababu uani kulikuwa kweupe kila mahali, na tulipiga chafya hadi jioni.

Wajapani wanafanya hivyo hivyo. Pamba ya futoni ikishalala sana hupelekwa kwa fundi, ikafumuliwa, ikapigwa hadi ivimbe tena, ikashonwa kwenye kitambaa kipya. Wanaiita uchinaoshi. Kwa hiyo futoni na godoro la bibi ni ndugu, na yote mawili yanakudai kazi. Godoro la sponji halikudai kitu. Linakaa pale kitandani, linachoka kimya kimya, na siku limekwisha unalitupa. Pamba hutupi, unaichambua. Ukishalijua hilo, mengine yote kwenye ulinganisho huu yanajieleza.

Unyevu, na aibu ya kuanika

Mwili unatoa maji usiku kucha hata kama hujihisi umelowa, na hapa kwetu unatoa zaidi. Mvuke huo unashuka ndani ya godoro. Kitandani, chini ya godoro kuna chaga na hewa, kwa hiyo unapata pa kutokea. Sakafuni unakutana na taili, ambayo ni baridi kuliko mwili wako, unageuka maji na kubaki hapo hapo, kati ya pamba na sakafu. Ndiyo maana Mjapani analikunja kila asubuhi. Watu hudhani ni unadhifu tu, au ni kubana nafasi tu. Ni kukausha pia.

Mimi nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, gizani, nusu nimelala. Mwezi wa kwanza nilikunja kila siku. Wa pili, siku nne kwa wiki. Kufika masika lilikuwa limetandikwa tu, shuka limenyooshwa vizuri juu yake kama kitanda cha heshima. Aprili, wiki ya pili ya mvua, niliinua upande wa miguu nikakuta vidoa vyeusi, saizi ya mbegu za papai, vimesambaa kila mahali. Harufu yake ilikuwa ile ya nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo siku mbili. Nililiosha kava kwa maji ya moto, nikafuta kitambaa kwa siki, nikasubiri jua. Jua lilikuja baada ya siku tisa.

Mkeka wa ukindu chini yake ulisaidia kidogo. Kilichosaidia kweli ni pale nilipopata paleti mbili za mbao, nikazipiga msasa na kuzilaza sakafuni. Sentimita kumi za hewa chini ya godoro zilifanya kazi ambayo mkeka ulishindwa. Lakini hapo tayari nimeshatengeneza kitanda, sivyo?

Halafu kuna kuanika. Ukiwa na kibaraza chako kwenye fleti ya Upanga, anika utakavyo. Mimi nilikuwa na uani wa wapangaji sita na kamba mbili. Jumamosi ya kwanza nilipolitoa, mama mwenye nyumba alilitazama lile godoro, akanitazama na mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, una mgeni mwenye mtoto mdogo?"

"Hapana mama, hili ni langu."

Akanyamaza. Mtaani kwetu godoro lililoanikwa asubuhi lina maana moja tu, na haihusiani na Japani. Nilijaribu kumweleza habari za hewa na pamba. Alisikiliza kwa adabu yote, lakini sidhani kama aliamini. Niliendelea kuanika kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilipewa pole kwa macho. (Usilitundike kwenye kamba, ni zito, kamba itakatika. Lilaze juu ya mabenchi mawili na uligeuze adhuhuri.)

Mgongo

Watu wengi huja kwenye futoni kwa sababu wameambiwa kitu kigumu ni dawa ya mgongo. Hata wazee wetu walisema hivyo: ukiumwa kiuno, lala chini kwenye jamvi. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini. Nusu walilalia magodoro magumu, nusu yenye ugumu wa wastani, kwa siku 90. Waliopata nafuu zaidi ni wale wa wastani.

Inaingia akilini ukifikiri mwili ulivyo. Mtu si ubao. Ukilala ubavu, bega na nyonga vinatangulia, na kitu kigumu hakivipi nafasi ya kuzama. Kiuno kinabaki hewani, uti wa mgongo unapinda. Ukilala chali, ugumu haukusumbui sana. Mimi nalala ubavu wa kushoto. Pamba ikiwa mpya ni tamu, ina ulaini wake. Baada ya miezi sita ikalala, ikawa kama mkate wa jana, na nikawa naamka mkono wa kushoto umekufa ganzi. Kuligeuza kila wiki, kichwa kwenda miguuni na juu kwenda chini, kunachelewesha hali hiyo, hakuizuii.

Jipime hivi, dukani au nyumbani: lala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kirahisi na nafasi ikabaki, godoro ni gumu kwako. Kisipopita kabisa, limekuzamisha. Dukani usione haya kulala dakika kumi. Utalilalia miaka.

Sponji: nunua uzito, usinunue jina

Sasa upande wa pili. Sponji tunayolalia ni poliyurethani, kitu kilichoanzishwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wake ni hewa. Hivyo unachonunua hasa ni kile kidogo kilichobaki kuizunguka hewa hiyo, na njia ya kukijua ni mizani. Maandishi ya kwenye kava, hevi duti na mengineyo, hayana uzito wowote.

Hesabu yake ni nyepesi. Godoro la tano kwa sita, inchi nane, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57. Sponji ya kilo 25 kwa mita moja ya ujazo itakupa godoro la kilo 14. Ya kilo 30 itakupa kilo 17. Likiwa kilo kumi, hiyo ni sponji ya kilo 18 au pungufu, na mtu mzima akililalia kila siku litafanya shimo mapema. Toa nusu kilo au zaidi kwa ajili ya kava.

Nilipokwenda kununua hili la sasa nilimwomba muuzaji tulipime. "Dada, godoro halipimwi kama nyama," akasema, na jirani zake wakacheka. Nikamwonyesha duka la nafaka ng'ambo ya barabara, lenye mizani ya magunia. Kwa kuwa alikuwa kijana mcheshi, na kwa kuwa alikuwa na uhakika, alilibeba mwenyewe. Hevi duti yake ilisoma kilo kumi na nusu. Hakusema neno. Tulirudi, akapanda ngazi, akashusha jingine kutoka juu kabisa: kilo kumi na nne na ushee. Bei ilipanda, ndiyo, lakini nilijua napandishiwa nini.

Angalizo moja: uzito si ugumu. Sponji inaweza kuwa nzito na laini, au nyepesi na ngumu kwa miezi mitatu ya mwanzo. Uzito unakuambia litadumu kiasi gani, ugumu unaupima kwa kulilalia. Ile inayobonyea taratibu na kurudi taratibu, memori fomu, ambayo asili yake ni utafiti wa NASA wa mwaka 1966, inalainika kwa joto la mwili. Penye kiyoyozi ni starehe. Penye feni moja ya mezani utazama humo na kutokwa jasho.

Springi nazipita upesi: zinapitisha hewa vizuri kuliko sponji, lakini ni nzito, za bei ndogo huanza kulia mapema, na kwa anayekaa karibu na bahari, chuma na hewa ya chumvi havipatani.

Kabla hujalaumu godoro lako la sasa, lifunue uhesabu chaga. Kitanda changu cha kwanza kilikuwa na chaga saba kwa futi sita, mwanya wa shibiri nzima kati ya ubao na ubao, na sponji ilikuwa inazama humo kama mtu anayekaa kwenye kiti kisicho na kitako. Nilidhani godoro limekufa. Fundi aliongeza chaga tisa, ikabaki mianya ya vidole vitatu, na godoro likafufuka kwa miezi kadhaa. Wengine hulaza plaiwudi nzima juu ya chaga. Inasaidia ugumu, ila unaziba ile hewa, na tunarudi kwenye vidoa vyeusi. Toboa matundu basi.

Na ile nailoni ya dukani, itoe. Najua inalinda godoro, najua kwa shangazi yako haijatolewa mwaka wa nne. Unalala juu ya mfuko wa plastiki, halafu unalalamikia joto la Dar. Nunua kava lenye zipu linalofulika, ndilo litakalokusaidia na kwa utitiri wa vumbi. Kunguni hawachagui kati ya pamba na sponji, wanakaa kwenye mishono ya yote mawili, na jua peke yake si la kulitegemea kuwaua.

Joto, nafasi, magoti

Kwa joto, futoni ilishinda bila ubishi. Usiku wa Februari, umeme umekatika, feni imesimama, pamba sakafuni ilikuwa nafuu kuliko sponji yoyote niliyowahi kulalia. Sponji inashika joto na kukurudishia. Pamba inalipokea jasho lako, hukuti shuka limekugandia, ilimradi ukumbuke kwamba jasho hilo halikupotea, liko ndani linasubiri jua.

Kwa nafasi pia ilishinda. Kitanda cha tano kwa sita ndani ya chumba cha futi mia moja za mraba kinakula karibu theluthi ya chumba, usiku na mchana. Futoni ikikunjwa inabaki kama kigoda kikubwa. Niliwahi kupokea wageni watano chumbani mle na tukala pilau tumekaa mkekani, jambo ambalo leo siwezi.

Ya sakafuni yana yake. Mende wanapita usawa wa uso wako. Chandarua, kwa upande mwingine, kinachomekwa vizuri sana chini ya godoro la sakafuni, ubavu hauna mahali pa kuning'inia. Ukikaa bondeni, ambako mvua ikizidi maji yanaingia ndani, usifikirie hata kidogo kulala chini. Na kuna magoti. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga alilala juu ya futoni yangu usiku mmoja, akalisifu, akasema limemkumbusha kwao. Asubuhi nilimkuta amekaa, ananisubiri nimpe mkono ainuke. Mjamzito, mzee, mwenye goti bovu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji: hawa kitanda, tena cha kimo cha kiti.

Gharama sitakutajia kwa shilingi kwa sababu zinabadilika kila msimu, ila kwangu mpangilio ulikuwa hivi: sponji nyepesi ndiyo ya bei ya chini, futoni ya kushonesha ikafuata kwa sababu ya pamba, na juu kabisa sponji nzito. Usisahau kitanda na usafiri wa kirikuu kwenye hesabu ya sponji. Futoni ilikuja na bodaboda.

Mimi ningechaguaje

Chumba kimoja, uko peke yako, unalala chali, una uani wenye jua au kibaraza, na asubuhi huna haraka: futoni, juu ya paleti au chaga fupi, na utafurahi. Jipime kwa wiki mbili kabla hujashonesha. Chukua blanketi zito, likunje kila asubuhi na ulikunjue kila usiku. Ukiruka siku tatu, umeshajijibu.

Ukiwa wawili, ukilala ubavu, ukiwa na mtoto anayelala nanyi, au ukitoka gizani kama mimi: sponji ya uzito wa kutosha, ugumu wa wastani, inchi sita au nane, juu ya chaga zilizokaribiana. Mzito wa mwili aende inchi nane. Kumi na zaidi mara nyingi ni urefu wa kupanda tu.

Mwenye nyumba kubwa anaweza kuwa na yote mawili, futoni ikiwa ya wageni, ikakaa juu ya kabati mwaka mzima ikitolewa jua la kiangazi mara moja moja. Mimi sina kabati la ukubwa huo. Godoro langu la pamba nilimpa mdogo wangu aliyepanga chumba Changanyikeni karibu na chuo. Yeye analikunja kila siku, si kwa sababu ni mwangalifu kuliko mimi, ila meza yake ya kusomea haina pengine pa kukaa. Juzi kanitumia ujumbe: "Dada, nikiliacha limetandikwa wiki hii tu ya mitihani litaharibika?" Nje mvua ilikuwa inanyesha. Nikamjibu alisimamishe ukutani sasa hivi, upande wa chini uelekee feni, halafu aendelee kusoma.